Saa Mbili Asubuhi Nyumba Inapoa

Themostati ya kwanza niliyoishi nayo, kile kifaa cha ukutani kinachodhibiti joto la nyumba, ilikuwa imeshapangiwa siku yake. Saa kumi na mbili asubuhi ilipandisha joto la nyumba hadi nyuzi 70 za Farenhaiti, yaani kama 21 za Selsiasi. Saa mbili ikalishusha hadi 62. Saa kumi na mbili jioni ikalipandisha tena, na saa nne usiku ikalishusha watu wakalale. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekaa akaipangia hivyo. Zilikuwa saa za kiwandani, zilizofuata mwongozo wa Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani wa kupunguza matumizi ya nishati, na nyuma ya saa hizo ipo familia ya kufikirika: wote huamka alfajiri, saa mbili mlango umeshafungwa wamekwenda kazini na shuleni, magharibi wanarudi, saa nne wamelala.

Sisi tuliishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Katika mji ule hukosi kusikia Kiswahili dukani, na ukiwauliza Wakenya wenzetu kazi zao, wengi watakwambia wanatunza wazee au wagonjwa. Kazi hiyo haina usiku wala mchana. Kaka yangu alikuwa wa zamu ya usiku, nami wa usiku. Wifi yangu alibadilishana, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku, kufuatana na watoto. Tulikuwa tukitoka kazini saa moja asubuhi, tunafika nyumbani, tunakunywa chai, na ile tunaingia vitandani tanuri la gesi la kupasha nyumba, kule chini, linanyamaza. Themostati imeshaona saa mbili. Kwa hesabu yake nyumba haina mtu.

Majira yale ya baridi Mama alikuwa amekuja kutoka Mombasa kutusaidia na wajukuu. Mchana alibaki peke yake sebuleni na mtoto mdogo, sweta juu ya sweta, leso mbili kichwani na mabegani, anaangalia theluji. Nyuzi 62 ni kama 17 za Selsiasi. Mombasa usiku wa Julai, kusi linapovuma na watu wanalalamika baridi, kwa kawaida kipimo hakishuki hadi huko. Lakini Mama hakutuamsha. Siku moja niliamka mapema nikamkuta amesimama mbele ya jiko la gesi la jikoni, mlango wa oveni wazi, moto unawaka, naye anapasha mikono joto.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Ulikuwa umelala, mwanangu. Mtu aliyekesha na wagonjwa haamshwi kwa baridi."

Oveni ya gesi haikutengenezwa kupasha nyumba. Ikiachwa hivyo muda mrefu katika nyumba iliyofungwa madirisha inaweza kujaza hewa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kila majira ya baridi inaua watu Marekani. Nililizima jiko, nikafungua dirisha, na tangu siku ile jambo la themostati lilinishika moyoni. Kifaa kilikuwa kinafanya kazi yake barabara. Kilikuwa kinaitumikia familia nyingine, isiyokuwapo, na mama yangu ndiye aliyelipa.

Wenzangu nyumbani kila mmoja alikuwa na njia yake. Kaka akiamka na baridi alibonyeza hadi 80 ili nyumba ipate joto upesi. Wifi akipita alishusha hadi 64 kwa kuihofia bili. Maneno yalianzia hapo, na yalikuwa maneno ya kweli, ya nani analipa nini na nani hajali. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwaka 1986 mtafiti Mmarekani, Willett Kempton, alichapisha katika jarida la Cognitive Science makala juu ya jambo hilihili. Aliwahoji watu wa Michigan jinsi wanavyoielewa themostati, akakuta nadharia mbili. Wako wanaoidhania ni kama koki ya bomba: ukiifungua zaidi, joto linatoka kwa wingi zaidi. Na wako wanaojua kwamba kifaa kinapima joto la chumba, kisha kinawasha au kinazima. Hata baadhi ya wenyeji wa pale, wenye matanuri majumbani mwao, walikuwa wanafikiri kama kaka yangu. Nilipolijua hilo niliona si haki kumcheka mgeni kwa kutoelewa kitu ambacho hata baadhi ya wenyeji wake hawajakielewa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Murang'a, fundi wa mitambo ya joto na baridi kwa miaka mingi, ambaye tulikuwa tukisali mitaa ya jirani, yeye kanisani, mimi msikitini. Alikuja jioni moja, akakivuta kile kisanduku kutoka ukutani kwa vidole viwili. Nyuma yake kulikuwa na kibao cha plastiki na nyaya nyembamba za rangi.

"Binti yangu, weka mkono hapa. Unasikia joto lolote?"

"Hapana, Mzee."

"Basi. Hii ni swichi. Joto lote liko chini."

Akanieleza nyaya. Ndani ya tanuri kuna transfoma inayopunguza umeme wa nyumba, volti 120, hadi volti 24. Waya mwekundu unaleta umeme huo mdogo juu ukutani. Mweupe unaagiza joto, wa manjano unaagiza kiyoyozi, wa kijani unaagiza feni. Themostati inachofanya ni kuunganisha mwekundu na mmoja au zaidi ya hiyo mingine, basi. Akachukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha mwekundu na mweupe kwa mkono, akaniambia nishuke chini nikatazame.

Nilisimama mbele ya tanuri lile kwa mara ya kwanza nikiwa na nia ya kulielewa. Kwanza ilianza feni ndogo ya kuvuta moshi kuelekea nje. Kisha kiwashio kikaiva kikawa rangi ya chungwa. Vali ya gesi ikafunguka kwa mlio mdogo, ndimi za buluu zikajipanga. Kwa muda kidogo hakuna hewa iliyotoka. Chuma kilikuwa kinapata moto kwanza, ili nyumba isipulizwe baridi. Ndipo feni kubwa ilipoanza kusukuma hewa kwenye mabomba kuelekea vyumbani. Hatua zote hizo zilitokana na waya mfupi kuliko kidole changu. Mzee alipouondoa, moto ukazimika, na feni kubwa ikaendelea kidogo kumaliza joto lililobaki.

Kwa tanuri kama letu, lenye moto wa daraja moja, hakuna kuwaka zaidi wala kuwaka kidogo. Ukiweka 70 au 80, moto ni uleule, na nyumba itafika 70 kwa muda uleule. Aliyeweka 80 kisha akalala ndiye atakayeamka na koo kavu na gesi imetumika bure. Kaka alipolielewa hilo hakubonyeza tena hadi 80, na nusu ya ugomvi wa nyumba ikaisha bila mtu kuomba msamaha.

Ndani ya zile themostati za zamani, za mviringo, mna ukanda uliosokotwa wa metali mbili zilizobandikwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawasawa, kwa hiyo joto likibadilika ukanda unajikunja au kujikunjua, na mwishoni mwake kuna kichupa cha kioo chenye zebaki. Kichupa kikiinama, zebaki inateleza na kuunganisha nyaya. Za siku hizi zina themista, kipande kidogo ambacho upitishaji wake wa umeme hubadilika na joto, na kompyuta ndogo inayokisoma. Zote mbili zina uvumilivu wa makusudi: ukiweka 68, tanuri haliwaki kwa kushuka kidogo sana, husubiri kama nyuzi moja hivi, lisije likawa linawaka na kuzima kila dakika na kujiharibu.

Nilipoanza kuuliza kifaa hiki kimetoka wapi, nilikuta sehemu kubwa ya historia yake iko mlangoni kwangu. Mwaka 1883 Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu cha Whitewater katika jimbo jirani la Wisconsin, alipata hataza ya themostati ya umeme ya chumbani. Kabla yake, mtunza jengo alikuwa akiingia darasa moja baada ya jingine kusoma kipimajoto, kisha anarudi chini kurekebisha moto. Kifaa cha Johnson kilipiga kengele kule chini, na mtu akasikia, akafanya. Miaka miwili baadaye, hapa Minneapolis, Mswisi mhamiaji aitwaye Albert Butz alibuni kifaa kilichoondoa hata kusikia kengele: chumba kikipoa, mota inageuka na kufungua kilango cha hewa cha tanuri la makaa, moto unachochewa wenyewe. Kampuni yake ilipita mikononi mwa wengine, na hatimaye ikawa Honeywell. Mwaka 1906 kampuni hiyo ilitia saa kwenye themostati, ili joto lishuke usiku na kupanda kabla watu hawajaamka. Na ile ya mviringo, iliyosanifiwa na Henry Dreyfuss, ilitoka mwaka 1953.

Naiona historia hiyo kama safari ya kumpunguzia mtu kazi moja baada ya nyingine. Kwanza miguu ya kwenda madarasani, kisha sikio la kusikia kengele, kisha mkono wa kufungua hewa, mwisho usingizi wa yule aliyelazimika kuamka kabla ya wote akatie makaa. Naiheshimu kazi hiyo kwa dhati, maana najua nyumba za baridi alfajiri huwa zinamwamsha nani kwanza. Ila kazi moja haikuweza kuondolewa, nayo ni kujua nani yuko nyumbani saa ngapi. Hiyo kiwanda kiliijaza kwa kubahatisha.

Na ubahatishaji huo haukufanikiwa hata kwa wengine. Mwaka 2009 ulipokwisha, Energy Star iliacha kuzipa alama yake themostati za kupangwa, kwa kuwa nafuu iliyotarajiwa haikuonekana majumbani. Watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley walikuta watu wengi hawazipangi kabisa. Vitufe ni vidogo, menyu inachanganya, na kuna kitufe kimoja kinachosema shikilia. Ukikibonyeza, ratiba yote inasimama na joto linabaki palepale hadi mtu atakapokuja kukiachia. Nimeingia nyumba nyingi za watu wetu nikakuta kimebonyezwa tangu wahamie. Siwalaumu. Mtu aliyetoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili hana nguvu ya kusoma kijitabu cha maelekezo, na kushikilia nyuzi 72 ndiyo njia pekee anayoiona ya kuwalinda watoto wake na ratiba ya watu wengine.

Lakini bili inakuja. Na hapa lipo wazo moja linalozunguka katika jamii yetu, na kwa wenyeji pia, ambalo nimelipinga kila nilipolisikia: kwamba ukiiacha nyumba ipoe utatumia gesi nyingi zaidi kuirudisha kuliko ungeiacha na joto muda wote. Kwa tanuri la gesi si kweli. Nyumba hupoteza joto kulingana na tofauti kati ya ndani na nje. Tuseme nje ni nyuzi 8 za Farenhaiti, ndani 68. Tofauti ni 60. Ndani ikiwa 62, tofauti ni 54, na joto linalotoka kupitia kuta na madirisha kila saa limepungua kwa sehemu moja ya kumi. Gesi ya kuirudisha asubuhi ni ile ambayo hukuitumia wakati nyumba ilipokuwa inapoa. Muda wote ilipokaa chini ni faida. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha nyuzi 7 hadi 10 kwa saa nane kila siku unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka za kupasha na kupoza nyumba.

Mwenye pampu ya joto asiifuate hesabu hii kichwa mchunga. Hiyo ni kama kiyoyozi kinachogeuzwa, huvuta joto kutoka nje. Ukiishusha sana usiku kisha asubuhi ukaitaka ipande nyuzi nyingi kwa haraka, huita msaada wa koili za umeme, na umeme huo ni ghali. Huko inafaa kushusha kidogo tu, au kutumia themostati iliyotengenezwa kwa pampu hizo.

Kiyoyozi chenyewe sina mengi ya kukisemea. Minnesota ina kiangazi cha kweli, Julai ya unyevunyevu inayomkumbusha Mama nyumbani, na themostati ileile hugeuzwa ikawa inawasha mtambo joto likizidi badala ya likipungua. Kompresa ya kiyoyozi ikizimwa, themostati nyingi husubiri kama dakika tano kabla ya kuiwasha tena, hivyo asiyejua hubonyeza na kubonyeza akidhani imekufa.

Kilichotuchukua muda nyumbani ni Mama. Tulishairekebisha ratiba, mchana nyumba ikawa 70, naye bado alihisi baridi chumbani kwake. Mzee alikuja tena, akasimama katikati ya korido palipo na themostati, akaelekeza kidole kila upande. Kifaa kinapima hewa ya pale kilipo, na pale ni karibu na jikoni, ndani kabisa, mbali na kuta za nje. Chumba cha Mama kilikuwa mwisho wa bomba la hewa, kuta mbili za nje, dirisha kubwa. Korido inapofika 70 tanuri linazima, na chumba chake bado hakijafika. Isitoshe, mwili hupoteza joto kuelekea kioo na ukuta baridi hata kama hewa ina joto la kutosha. Tukabadilisha chujio la tanuri, lililokuwa limejaa vumbi na kuzuia hewa. Tukatoa kabati lililoziba tundu la hewa sakafuni. Tukasogeza kitanda kutoka dirishani, tukatundika pazia zito. Vyumba vya sisi tunaolala mchana, tunaopenda baridi kidogo, tukaziba matundu yake nusu. Mzee alionya tusizibe mengi wala tusizibe kabisa, maana tanuri linahitaji hewa ipite.

Ndipo tukakaa mezani na karatasi, Mama akiwa katikati. Yeye ndiye aliyekuwa nyumbani saa nyingi kuliko sote na hakuwahi kuulizwa. Huamka kwa sala ya alfajiri, ambayo Desemba huku huingia kama saa kumi na mbili, na udhu kwenye sakafu baridi kwa magoti yake ni adhabu. Nyumba ya mbao huchukua muda kupanda, kwa hiyo tukaweka ianze mapema zaidi. Watoto hutoka saa mbili kasoro. Mchana ibaki 69, kwa ajili ya Mama na mtoto mdogo. Saa tatu usiku ishuke hadi 63, kwa kuwa chini ya blanketi wote wamejaa joto. Siku za mapumziko ya kaka hazikuwa Jumamosi na Jumapili, na themostati yetu ilikuwa ya aina ya siku tano na mbili, inayodhani kila mtu hupumzika wikendi. Tukamwomba mwenye nyumba, akakubali tununue ya siku saba.

Ratiba hiyo tuliivunja wenyewe mara moja kwa moyo mkunjufu. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani 33 chini ya sifuri za Selsiasi. Kaskazini yetu, eneo la Princeton, baadhi ya nyumba zilipoteza gesi, na Xcel Energy ikawaomba wateja wake wa gesi wa Minnesota washushe themostati hadi 63 ili presha ibaki mabombani. Mama alisikia nikimtafsiria habari. Akauliza kama huko Princeton kuna watu wenye watoto. Nikamwambia wapo. Akaenda mwenyewe koridoni, akabonyeza mshale wa chini, akarudi akajifunika blanketi na mjukuu wake.

Wanaosafiri kwenda nyumbani Desemba huniuliza kama wazime kabisa. Hapana. Iacheni 55, kama 13 za Selsiasi, maana maji yakiganda ndani ya mabomba yanayapasua, na mtarudi kwenye nyumba iliyofurika. Betri mpya pia ni muhimu. Themostati nyingi huendeshwa na betri mbili ndogo. Zikifa, hakuna wa kuunganisha ule waya mwekundu na mweupe.

Siku hizi familia ikihamia mtaani kwetu huwa naitwa, kwa kuwa habari husambaa. Juzi walikuwa Wakongo waliotoka kambini, wenye Kiswahili cha Kivu, baba anafanya kazi usiku kiwandani. Walidhani nitaanza na vitufe. Nikawaomba kwanza karatasi na wote waje mezani, hata bibi aliyekuwa amejifunika kwenye kochi, wakaniambia kila mmoja analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Baba akaanza kujibu kwa niaba ya bibi. Nikamwomba radhi, nikamgeukia bibi, nikamwuliza yeye.

"Usiku nasikia baridi ya magoti saa tisa," akasema. "Ndiyo saa ninayokwenda chooni."

Tukaiandika saa tisa usiku, kisha tukaendelea na watoto.